Raia na Lugha ya Mjadala: Historia ya Kufundisha Sheria na Uraia katika Shule za Tanzania

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni namna shule zetu zilivyofundisha, na zinavyofundisha, sheria na uraia. Huenda msikilizaji akajiuliza kwa nini mada hiyo iletwe katika jukwaa la taaluma za Kiswahili badala ya kuachiwa wanasheria na wataalamu wa elimu. Jibu ni kwamba wenzetu hao wamekwisha kutimiza sehemu kubwa ya kazi yao. Wanasheria wametueleza mambo ambayo raia anapaswa kuyajua. Wataalamu wa elimu wametueleza kwamba mambo hayo hayafundishiki kwa kukaririsha. Mwanafunzi anaweza kuitaja mihimili mitatu ya dola bila kukosea, akapata alama zote za swali hilo, na bado asijue la kufanya siku ndugu yake anapokamatwa au shangazi yake anapoondolewa katika shamba la urithi. Ndiyo maana hupendekezwa mbinu shirikishi: mjadala, igizo, uchambuzi wa kisa, mahakama ya darasani.

Mbinu hizo zina sifa moja ambayo haisemwi mara nyingi. Zote hutendeka kwa kusema. Hesabu inaweza kufanywa kimya, na ramani inaweza kuchorwa kimya, lakini hakuna anayeweza kumtetea mshtakiwa akiwa kimya. Mwanafunzi asiyekuwa na lugha ya kubishania hawezi kushiriki katika somo shirikishi, hata mwalimu akiwa hodari kiasi gani.

Hoja ninayotaka kuijenga ni hii: katika historia ya Tanzania tangu Uhuru, mjadala wa uraia darasani umehitaji vitu viwili, yaani lugha ya kujadilia na ruhusa ya kujadili, na kwa muda mrefu vitu hivyo viwili havikukutana katika shule za sekondari. Ilipokuwapo lugha, ruhusa ilikuwa finyu. Ilipokuja ruhusa, lugha iliondolewa. Nitaieleza historia hiyo kwa ufupi, hasa kwa upande wa Tanzania Bara, kisha nitaonyesha kwa mfano wa kesi moja kile tulichokosa, na mwishoni nitajadili fursa iliyopo sasa.

2.0 Maneno yaliyotangulia somo

Kabla ya kuliangalia somo, tuyaangalie maneno yenyewe, kwani yana historia yake. Neno raia tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake inahusiana na kuchunga: walioitwa hivyo walikuwa watu walio chini ya mtawala, kama kundi lilivyo chini ya mchungaji. Leo Kiswahili kinalitumia neno hilo hilo kwa mtu mwenye haki ya kumchagua na kumwondoa mtawala. Neno halikubadilika umbo. Kilichobadilika ni uhusiano wa watu na dola. Neno siasa nalo, kama kamusi za zamani za Kiswahili zinavyoonyesha, lilibeba pia maana ya upole, utaratibu na kiasi katika kutenda. Aliyefanya jambo kwa siasa alilifanya kwa uangalifu.

La kuvutia zaidi ni neno shauri. Katika matumizi ya kawaida, shauri ni ushauri, wazo linalotolewa na mtu kwa mwenzake. Mahakamani, shauri ni kesi. Kwa hiyo lugha yetu inaiita kesi kwa neno linalohusu watu kukaa pamoja na kupeana mawazo. Baraza vilevile ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, tena ni mkutano, tena ni chombo cha kuamua. Mahakama ya Mwanzo nayo kwa miaka mingi ilikuwa na wazee wa baraza, ambao walikaa pamoja na hakimu na kutoa maoni yao katika shauri. Msamiati huu unatukumbusha kwamba mjadala kama njia ya kufikia haki si jambo lililoletwa hivi karibuni na vitabu vya mbinu za kufundishia. Umo ndani ya lugha.

Hata hivyo, utawala wa kikoloni wa Uingereza uliacha sheria ikiwa nyumba ya ghorofa. Chini, katika mahakama za wenyeji, Kiswahili ndicho kilichotumika kwa kiasi kikubwa. Juu, katika Mahakama Kuu, lugha ilikuwa Kiingereza. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo wa mahakama, ikaweka Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu katika ngazi moja ya rufaa. Lakini mpaka wa lugha ulibaki: Mahakama ya Mwanzo iliendesha mashauri kwa Kiswahili, na kadiri shauri lilivyopanda ndivyo lilivyohamia katika Kiingereza. Bungeni nako wabunge walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mpaka huu ndio utakaotokea tena shuleni.

3.0 Lugha bila ruhusa: Siasa, 1967 hadi 1992

Mwaka 1967 ni mwaka mkubwa katika historia hii. Mwezi Februari lilitolewa Azimio la Arusha. Mwezi Machi Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea ulitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, mwenye uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine bila kuiga tu, na mwenye kujiamini. Ukiyasoma malengo hayo leo, utaona kwamba ni malengo yale yale ya mbinu shirikishi tunazozihubiri sasa.

Somo lililobeba malengo hayo lilikuwa Siasa. Na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wa leo hawalijui sana: Siasa ilifundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari, wakati karibu masomo mengine yote, ukiacha Kiswahili chenyewe, yalifundishwa kwa Kiingereza. Kijana wa kidato cha tatu alisoma fizikia kwa Kiingereza, akasoma kuhusu dola, tabaka, uchumi na ukombozi wa Afrika kwa lugha aliyoizungumza nyumbani au mtaani. Matokeo yake kwa lugha yalikuwa makubwa. Maneno kama itikadi, unyonyaji, ubepari, ubeberu na ukabaila yalitoka katika maandishi ya viongozi yakaingia katika midomo ya watu wa kawaida, yakatumika katika hotuba, mashairi na hata utani.

Nguvu ya lugha hiyo ilionekana nje ya shule. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilikataza viongozi kuwa na ujeuri na tabia ya kuwaonea walio chini yao. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma Mwongozo kwa lugha yao, wakakielewa kifungu hicho, na katika miaka ya 1971 hadi 1973 wakakitumia kama hoja katika migomo dhidi ya mameneja waliowadharau. Serikali haikuipokea migomo hiyo kwa furaha, na baadhi yake ilikomeshwa kwa nguvu. Lakini fundisho lake kwa mada yetu ni wazi: maandishi yenye uzito wa kanuni, yakiwa katika lugha ya watu, husomwa na kushikwa mkononi kama nyenzo.

Kisa hicho kinaonyesha pia mipaka ya kipindi chenyewe. Tangu Katiba ya Muda ya mwaka 1965 Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Katiba haikuwa na orodha ya haki za binadamu mpaka yalipofanyika marekebisho ya mwaka 1984. Katika mazingira hayo, mjadala wa somo la Siasa ulihusu namna ya kuitekeleza sera, na kwa nadra ulihusu kama sera yenyewe ni sahihi. Mwanafunzi alikuwa na Kiswahili cha kuuliza swali lolote, lakini maswali mengine hayakuwa na mahali pa kuulizwa. Aidha, sheria yenyewe, yaani mashtaka, dhamana, rufaa, haki ya mtu anapokamatwa, haikuwa kiini cha somo. Raia alifundishwa wajibu wake kwa taifa kuliko madai yake kwa dola.

4.0 Darasa nje ya shule

Haitakuwa haki kuondoka katika kipindi hicho bila kutaja jaribio lake bora la kufundisha kwa mjadala, ambalo halikufanyika shuleni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni za vikundi vya redio: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadili chini ya kiongozi wa kikundi na kuamua la kufanya. Kampeni ya Mtu ni Afya peke yake ilifikia watu wapatao milioni 2.

Kampeni ya Uchaguzi ni Wako inastahili kukumbukwa hapa, kwani ilikuwa elimu ya uraia kwa maana kamili: mada yake ilikuwa uchaguzi mkuu wa mwaka huo. Kwa vifaa vya redio moja na kijitabu, wakulima ambao wengi wao hawakuwa wamesoma sana waliketi kujadili kura. Hakuna aliyesema kwamba somo ni gumu mno kwao. Lugha ilikuwapo, na utaratibu wa kukaa barazani ulikuwapo tangu zamani. Kampeni hizo zinabomoa hoja isemayo kwamba mbinu shirikishi ni anasa ya shule zenye madarasa madogo na vifaa vingi.

5.0 Ruhusa bila lugha: Uraia baada ya 1992

Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini tume ilipendekeza mfumo wa vyama vingi, na ikataja sheria 40 ambazo iliona zinakandamiza haki na zinapaswa kufutwa au kurekebishwa. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na mwaka 1995 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo huo mpya.

Shuleni, Siasa ilipisha Uraia. Somo jipya lilikuwa na mambo ambayo la zamani halikuwa nayo: haki za binadamu, utawala wa sheria, ushindani wa vyama, uhuru wa vyombo vya habari, mgawanyo wa madaraka. Katika shule za msingi liliendelea kufundishwa kwa Kiswahili. Katika sekondari lilifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, likijulikana hata kwa jina lake la Kiingereza.

Naomba wasikilizaji watafakari uzito wa badiliko hilo. Wakati ule ule ambapo kijana wa Kitanzania aliruhusiwa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka karibu 30, kujadili darasani kama chama tawala kimekosea au hakikukosea, alitakiwa kufanya hivyo katika lugha ambayo wengi wa wenzake hawakuimudu. Hali ya Kiingereza mashuleni haikuwa siri. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985; serikali haikulikubali pendekezo hilo. Utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikithibitisha tena Kiingereza katika sekondari, na mwaka 1997 Roy-Campbell na Qorro wakatoa kitabu chao juu ya kile walichokiita mgogoro wa lugha nchini.

Mihtasari ya sekondari iliyotolewa mwaka 2005 ilisisitiza umahiri na ushiriki wa mwanafunzi. Kwa maandishi, hayo yalikuwa mapinduzi. Kwa vitendo, mwalimu aliyeagizwa kuendesha mdahalo juu ya haki za binadamu alijikuta na njia mbili tu. Ama ashike Kiingereza, na darasa linyamaze isipokuwa wanafunzi watatu wanne wa mbele. Ama ahamie Kiswahili, darasa lichangamke, kisha arudi ubaoni kuandika kwa Kiingereza muhtasari ambao wanafunzi watanakili na kuukariri. Watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kulinganisha masomo yaliyofundishwa kwa lugha hizo mbili, waliona jambo hilo hilo: pale Kiswahili kilipotumika, wanafunzi waliuliza, walijibu na walishiriki zaidi.

Katika masomo mengine hasara ya ukimya huo ni maarifa kuchelewa. Katika Uraia hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu kushiriki ndiyo maudhui yenyewe ya somo. Mwanafunzi anayeketi kimya katika kipindi kinachohusu uhuru wa maoni anajifunza jambo moja kwa uhakika: kwamba uhuru wa maoni ni wa wale wanaojua Kiingereza.

6.0 Kesi iliyohama lugha

Nje ya Tanzania, kazi ya kufundisha sheria kwa vitendo imekuwa na historia ndefu kiasi. Mwaka 1972 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Georgetown, katika jiji la Washington, walianza kwenda katika shule za sekondari kufundisha sheria zinazomgusa mtu wa kawaida: polisi, pango la nyumba, mkopo, ndoa. Katika miaka ya 1980 mbinu hiyo ilivuka hadi Afrika Kusini, katika kipindi ambacho sheria yenyewe ilikuwa chombo cha ubaguzi. Moyo wa mbinu hiyo ni kisa: wanafunzi hupewa tukio, hugawana nafasi, hubishana, kisha huamua.

Sisi hatuhitaji kuazima visa. Chukulia shauri moja lililotoka wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Mwanamke mmoja alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 aliiuza kwa mtu asiyekuwa wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alifungua shauri, akidai kwamba kwa sheria za mila za Wahaya mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake lakini hana uwezo wa kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mpwa. Mahakama ya Wilaya ilitengua uamuzi huo. Shauri lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ya mila ilimbagua mwanamke kinyume cha haki zilizowekwa katika Katiba mwaka 1984; mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume.

Hukumu hiyo ni maarufu katika vyuo vya sheria. Mtazame sasa safari yake ya lugha. Ilianza kwa Kiswahili, mbele ya hakimu na wazee wa baraza, ikihusu shamba, ukoo, wosia na mpwa. Iliishia kwa Kiingereza, katika hukumu ambayo wanawake walioshinda pamoja na mama huyo wasingeweza kuisoma. Na iliporudi shuleni kama mfano wa usawa wa kijinsia, ilirudi ikiwa bado katika Kiingereza.

Irudishwe darasani kwa Kiswahili, uone kinachotokea. Mwalimu anagawa nafasi: mwanamke, mpwa, mnunuzi, hakimu, wazee wawili wa baraza. Darasa lililobaki linagawanywa kuwa mahakama ya rufaa. Mpwa atasema kwamba ardhi si mali ya mtu mmoja, ni ya waliokufa na watakaozaliwa. Ukiuza kibanja, unauza makaburi yaliyomo. Mwanamke atauliza kama mpwa naye angezuiwa kuuza laiti angekuwa na shida kama yake. Mnunuzi ataomba asipoteze fedha aliyoitoa kwa nia njema. Hoja hizi zote ni nzito, na kijana wa kidato cha pili anazo tayari, kwa kuwa amezisikia misibani na katika vikao vya familia. Asichokuwa nacho ni jina la kisheria la kila hoja. Hapo ndipo mwalimu anapoingia na maneno mdai, mdaiwa, wosia, rufaa, ubaguzi, kutengua. Neno linafika mahali ambapo maana imekwisha kuandaliwa.

Mjadala kama huo hufundisha sheria kwa njia ya tofauti ndogo za maneno, na hapa mwalimu wa Kiswahili ana kazi sawa na mwalimu wa Uraia. Tuchukue mtuhumiwa, mshtakiwa na mhalifu. Katika mazungumzo ya mtaani, na wakati mwingine hata magazetini, maneno hayo huchanganywa: mtu aliyekamatwa asubuhi huitwa mhalifu jioni. Lakini mtuhumiwa ni anayedhaniwa. Mshtakiwa ni aliyefikishwa mahakamani. Mhalifu ni yule tu ambaye hatia yake imethibitika. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya hatia hiyo kuthibitika. Mwanafunzi anayeigiza nafasi ya wakili na kumkatiza mwenzake kwa kusema, “Mheshimiwa, mteja wangu si mhalifu, ni mshtakiwa,” ameielewa ibara hiyo kuliko aliyeinakili mara kumi.

Wala fasihi isiachwe nyuma. Tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, ina onyesho zima la mahakama ambamo mkataba unafasiriwa neno kwa neno mpaka maana yake inageuka dhidi ya aliyeudai. Tulikuwa na tamthilia ya kesi kwa Kiswahili fasaha miaka mingi kabla ya kuambiwa kwamba Kiswahili hakitoshi kwa sheria.

7.0 Fursa ya sasa na tahadhari zake

Katika miaka ya karibuni mambo mawili yamebadilika. La kwanza ni la mahakamani. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili, jambo lililozua mjadala mkubwa na kusifiwa na Rais John Magufuli. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 ya mwaka huo, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji hivyo. Kwa maneno mengine, ghorofa ya juu imefunguliwa mlango.

La pili ni la shuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeendelea kukiweka Kiingereza kama lugha ya kufundishia sekondari. Lakini mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Siasa iondoke, kijana wa sekondari anasoma habari za taifa lake kwa Kiswahili, na safari hii anazisoma katika nchi yenye vyama vingi na Katiba yenye haki zinazodaiwa mahakamani. Lugha na ruhusa vimekaribiana.

Nasema vimekaribiana, kwa sababu kukutana kwake kunategemea sisi. Yako mambo matatu ya kuyaangalia. Kwanza, Kiswahili hakizai mjadala chenyewe. Historia ya Siasa imetuonyesha kwamba somo linaweza kuwa kwa lugha ya watu na bado likawa la kuitikia. Somo la maadili likifundishwa kama orodha ya mambo ya kutii, tutakuwa tumeirudisha lugha na kuiondoa ruhusa tena. Maadili ya raia ni pamoja na kuuliza, na Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kutii sheria na pia haki ya kuchukua hatua kuihifadhi Katiba. Nusu zote mbili zifundishwe.

Pili, Kiswahili cha sheria nacho kinaweza kuwa kigeni. Sentensi ndefu zenye tafsiri ya moja kwa moja ya muundo wa Kiingereza humfungia mwanafunzi mlango ule ule kwa kufuli jipya. Kazi ya kutafsiri sheria, ambayo sasa ni kubwa, isiachwe kwa wanasheria pekee. Wanaisimu wana wajibu wa kuhakikisha kwamba istilahi zinasanifiwa na kwamba sentensi inaweza kusomwa kwa sauti mbele ya watu ikaeleweka. Darasa la kidato cha pili lingekuwa kipimo kizuri cha tafsiri hizo.

Tatu, mtihani. Mwalimu hufundisha kile kinachopimwa. Maswali yakiendelea kuuliza tarehe na orodha, mahakama ya darasani itaonekana mchezo wa kupoteza muda. Swali moja tu linalompa mtahiniwa kisa na kumtaka atoe uamuzi wenye sababu lingebadili vipindi vya mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba kusisitiza Kiswahili ni kumnyima kijana lugha ya dunia. Sipingani na Kiingereza; kifundishwe vizuri, na walimu wake waandaliwe vizuri. Ninachokipinga ni kukitumia kama mlango wa kuingilia katika uraia. Haki za mtu katika nchi yake haziwezi kusubiri afaulu lugha ya pili.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kati ya mwaka 1967 na 1992 shule za sekondari zilikuwa na lugha ya kujadilia uraia lakini nafasi ya kujadili ilikuwa finyu. Kwamba baada ya 1992 nafasi ilipanuka na lugha ikaondolewa. Na kwamba mabadiliko ya mwaka 2021 na 2024 yameviweka vitu hivyo viwili karibu kuliko wakati wowote uliopita. Tumeona pia kwamba mbinu ya kufundisha kwa mjadala ina mizizi katika lugha yetu, ambayo huita kesi shauri na iliwaweka wazee wa baraza kando ya hakimu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili mlioko hapa, kazi ni nyingi. Hukumu muhimu za nchi hii zinasubiri kutafsiriwa kwa lugha ambayo mwanafunzi anaweza kuiigiza. Historia ya istilahi za sheria haijaandikwa kwa ukamilifu. Walimu wanahitaji visa vilivyotayarishwa, vyenye majina ya nafasi, maswali na maana za maneno magumu. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika jambo la sheria hatuwezi kuridhika na msemo huo, kwa kuwa sheria humhukumu hata asiyeijua. Basi ni lazima aambiwe maana, tena apewe nafasi ya kuibishia.